KUKAGUA PAA KABLA YA MVUA

Mwenye nyumba hufagia ua wake kila asubuhi, hupaka kuta chokaa sikukuu zinapokaribia, na hutia mafuta bawaba za mlango zikianza kulia. Lakini paa, ambalo ndilo kinga ya vitu hivyo vyote, aghalabu halitazamwi na mtu mpaka siku tone la maji liangukapo kitandani. Siku hiyo mvua huwa imekwisha kushika, fundi hapatikani upesi kwa sababu anaitwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na mabati hayapandiki kwa utelezi. Ndipo sufuria na ndoo hutandazwa sakafuni, na kazi ambayo wakati wa jua ingalikuwa ya nusu saa hugeuka kuwa hasara ya msimu mzima.

Somo hili laeleza kwa nini yapasa paa likaguliwe kwa zamu maalumu, wakati gani, na kwa namna gani. Lahusu nyumba ya kukaa, na vilevile duka, ghala, shule na kila jengo lililowekewa mali au watu ndani yake.

Paa na njia ya maji

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Basi nyumba ndogo yenye paa la mita 50 za mraba, ikinyeshewa milimita 40 kwa usiku mmoja, hupokea lita 2,000, yaani tani mbili za maji. Mahali panapopata milimita 900 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho si kigeni katika nyanda za juu za Kenya, paa hilo dogo hupokea tani 45 kila mwaka.

Hakuna paa liwezalo kuubeba mzigo huo. Kazi yake ni kuyapokea maji, kuyateremsha upesi, na kuyatupa mbali na kuta. Kwa hiyo kukagua paa maana yake ni kuifuata njia ya maji tangu kilele mpaka ardhini. Popote maji yasimamapo, yarudipo nyuma, au yapatapo tundu, pana kasoro. Na kasoro hiyo haiponi yenyewe.

Jinsi kasoro ndogo inavyokua

Chanzo cha hasara nyingi ni msumari mmoja. Bati hupata joto mchana na baridi usiku. Bati la chuma lenye urefu wa mita tatu, joto lake likipanda kwa digrii 40 tangu alfajiri mpaka adhuhuri, hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, kisha usiku hurudi lilivyokuwa. Hivyo kila siku bati huusukuma na kuuvuta msumari, mwaka baada ya mwaka, mpaka tundu likapanuka na msumari ukalegea. Kipande cha mpira kilicho chini ya kichwa cha msumari nacho hukauka kwa jua na kupasuka.

Mwaka wa kwanza maji yapitayo hapo hayajazi hata kikombe. Mwenye nyumba hayaoni, kwa maana hunywewa na ubao. Lakini ubao uliolowa mara kwa mara huoza, na ubao uliooza haushiki msumari. Sasa misumari ya jirani nayo hulegea. Mchwa, ambao hupenda mti wenye unyevu, hupata njia. Siku upepo mkali ujapo, huingia chini ya ukingo wa bati lililolegea, ukalinyanyua na kuling'oa, na mabati yaliyokuwa mazima hufuata. Watu husema kwamba upepo umeezua nyumba; kwa kweli upepo umemaliza tu kazi iliyoanzwa na msumari miaka kadhaa kabla yake. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi wa mapaa huliona jambo hilo kila mwaka.

Wakati wa kukagua

Katika sehemu kubwa ya Kenya mvua ndefu za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, na mvua fupi za vuli tangu Oktoba hadi Desemba. Basi miezi miwili yafaa kuandikwa ukutani: Februari na Septemba. Paa likitazamwa katika miezi hiyo, pana nafasi ya kununua vifaa, kumwita fundi, na kumaliza kazi kungali kukavu. Mahali ambapo mvua hufuata majira mengine, kama upande wa Ziwa Victoria, kanuni ni ile ile: kutazama kabla ya miezi ya mvua nyingi, na kutazama tena itakapokwisha.

Mbali na nyakati hizo mbili, paa hukaguliwa kila baada ya upepo mkali, baada ya tawi la mti kuanguka juu yake, na baada ya mvua ya mawe, ambayo watu wa Kericho na Nandi waijua sana. Kadhalika hukaguliwa kila mara fundi mwingine atokapo juu, awe amekwenda kufunga mabamba ya umeme wa jua, tangi la maji, au chombo cha kunasia matangazo ya televisheni. Wengi wa mafundi hao ni hodari katika kazi yao, lakini tundu walilolitoboa ni la paa, si la chombo chao.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na mvua kubwa za masika ya mwaka 2024, zilionyesha kwamba miaka ya mvua isiyo ya kawaida haina budi kuja. Paa lililo na udhaifu huweza kustahimili miaka ya mvua chache bila kujulisha. Mwaka wa mvua nyingi ndio ulifichuao.

Namna ya kukagua

Ukaguzi huanza ndani ya nyumba, wala hauhitaji ngazi. Mchana wa jua kali milango na madirisha hufungwa, na mtu akasimama chini ya paa akitazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Nyumba ikiwa na dari, hutafutwa madoa ya rangi ya chai, rangi iliyovimba, ubao uliopinda, na harufu ya ukungu. Yafaa ikumbukwe kwamba tone haliangukii chini ya tundu lake sikuzote. Maji huweza kutambaa juu ya ubao hatua kadhaa kabla ya kudondoka. Kwa hiyo doa likionekana juu ya mlango, tundu hutafutwa upande wa kilele.

Hatua ya pili ni kuizunguka nyumba kwa nje, mbali kidogo na ukuta, ili paa lote lionekane. Mstari wa kilele ukiwa umenyoka, ni vema. Ukiwa umebonyea katikati, mbao zilizo chini yake zimechoka. Hutazamwa kama bati lolote limejikunja ukingoni, kama kigae kimeteleza, kama mfereji wa maji, ambao mafundi huuita gata, umelegea au umeota nyasi, na kama ukuta una michirizi ya kijani au nyeusi. Michirizi hiyo ni ushahidi wa maji yaliyoacha njia yake.

Hatua ya tatu ndiyo ya kupanda, nayo si ya kila mtu. Mzee, mtoto, au mtu aonaye kizunguzungu asipande kabisa. Apandaye apande paa likiwa kavu, upepo ukiwa umetulia, akiwa na viatu vya mpira, na mtu mwingine akiishika ngazi. Akanyage juu ya mistari ya misumari, ambako kuna mbao chini, wala asikanyage katikati ya bati. Yale mabamba ya plastiki yaliyowekwa ili kuleta mwanga yasikanyagwe kamwe, kwa kuwa hayawezi kuuchukua uzito wa mtu. Nyaya za umeme zikipita karibu na paa, kazi hiyo huachiwa fundi mwenye ujuzi.

Tundu likikataa kujulikana, iko njia nyepesi. Mtu mmoja hukaa ndani na mwingine humwaga maji juu ya paa kidogo kidogo, akianza chini ukingoni na kupanda polepole kuelekea kilele. Aliye ndani hupiga kelele maji yanapotokea. Akianzia juu, maji yatapita penye makosa yote kwa pamoja, na lililo kubwa halitatambulikana.

Kila paa na maradhi yake

Mabati. Chuma cha bati hukingwa na ngozi nyembamba ya madini ya zinki. Kutu hula zinki kwanza, kisha chuma. Madoa meupe kama unga ni dalili kwamba zinki inaliwa. Madoa mekundu yaonyesha kwamba chuma chenyewe kimefikiwa. Doa jekundu likiwahiwa husuguliwa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na bati huongezewa miaka. Majani makavu yaliyorundikana huweka unyevu na kuharakisha kutu. Kadhalika mawe na matairi ambayo watu huyaweka juu ili kuzuia upepo. Jiwe halizuii upepo mkali, bali hukwaruza zinki, na laweza kumwangukia mpita njia. Dawa ya bati lililolegea ni msumari wa kufaa wenye mpira wake, uliopigiliwa juu ya mgongo wa wimbi, si katika bonde lake ambako maji hupita. Karibu na bahari, hewa yenye chumvi hula mabati upesi zaidi kuliko bara, na ukaguzi hauna budi kuwa wa mara nyingi zaidi.

Vigae. Kigae chenyewe huishi miaka mingi, lakini kimoja kikipasuka au kuteleza, maji hupita hapo hapo kuingia katika mbao. Jambo la kutazamwa sana ni saruji ya kilele, ambayo hupasuka, na mahali mapaa mawili yakutanapo, ambako majani hukusanyika.

Makuti. Huko Kwale, Kilifi na Lamu makuti hupendwa kwa ubaridi wake. Paa la makuti hutaka mteremko mkali ili maji yashuke kabla ya kuzama ndani. Penye bonde pana kuoza. Mkaguzi hutazama kama makuti yamekuwa mepesi, kama kamba zinazofunga makombamoyo zimekatika, na kama panya wamefanya makao. Kwa kuwa makuti hushika moto upesi, hutazamwa pia nyaya za umeme na njia ya moshi wa jiko.

Mapaa ya bapa. Majumba ya kale ya Lamu, mji ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na mapaa yake yalikuwa boriti za mikoko zilizofunikwa kwa mawe na chokaa. Paa la namna hiyo likiachwa bila kuzibwa nyufa, maji huoza boriti na kulainisha udongo na chokaa vilivyoshika mawe ya ukuta, na nyumba iliyosimama vizazi vingi huanguka. Mtu aendaye Gedi, karibu na Malindi, huona kuta nyingi zingali zimesimama, lakini mapaa hayako. Katika mji ulioachwa na watu, paa hutangulia kuondoka.

Mapaa ya zege ya siku hizi yana hatari nyingine, nayo ni kuziba kwa mashimo ya kutolea maji. Paa la mita 100 za mraba lililozungukwa na kuta fupi, likisimamisha maji ya kina cha sentimita 10, hubeba tani 10 ambazo huenda mjenzi hakuzihesabu. Gunia la plastiki lililopeperushwa na upepo latosha kulizibisha shimo. Tena maji yakipenya katika ufa wa zege hufikia vyuma vilivyo ndani. Chuma kikishika kutu huvimba, na zege hupasuka na kubanduka vipande vipande.

Asbesto. Nyumba nyingi za zamani, shule na majengo ya serikali yaliezekwa kwa mabamba ya asbesto. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuthibitisha kwamba kila aina ya asbesto huleta kansa, kwa sababu ya nyuzi zake ndogo mno zinazovutwa na pumzi. Basi paa hilo hutazamwa kwa mbali tu. Lisisuguliwe kwa brashi, lisikatwe kwa msumeno, lisipigiliwe misumari mipya, wala vipande vyake visitupwe jalalani au kufanywa njia ya bustani. Likiwa limevunjika au limeanza kumeguka, huitwa watu wenye idhini ya kuiondoa taka ya hatari.

Mfereji, tangi na afya

Nyumba nyingi huvuna maji ya mvua kwa matumizi ya jikoni. Uchafu wote wa paa, kinyesi cha ndege na majani yaliyooza, huishia ndani ya tangi. Kwa hiyo mfereji hukombwa kabla ya mvua, na maji ya mvua ya kwanza huachwa yamwagike ili yalioshe paa.

Mfereji uliopinda na kushika maji ni kitalu cha mbu. Mbu aletaye homa ya dengue huzaliana katika maji safi yaliyotuama karibu na watu, nao mji wa Mombasa ulipatwa na ugonjwa huo mwaka 2013 na tena mwaka 2017. Mtu akinyoosha mfereji wake huwa amewatendea wema majirani zake wote. Ni vema pia kutazama maji yashukapo ardhini. Yakianguka penye mguu wa ukuta, huchimba msingi, na nyufa huonekana juu kumbe chanzo kiko chini.

Maduka, maghala na shule

Katika jengo la biashara hasara ya paa huzidi gharama ya paa lenyewe. Mathalani ghala la unga na sukari lina tundu moja dogo juu ya magunia ya nyuma. Maji huingia usiku wa Jumamosi, na mlango hufunguliwa Jumatatu. Gunia la juu limelowa, yaliyo chini yamepata unyevu, na baada ya siku chache kuvu huenea. Chakula chenye kuvu si cha kuuzwa, kwa maana kuvu wa nafaka waweza kuwa na sumu. Mwenye ghala hupoteza bidhaa, hupoteza wateja, na mwisho hulitengeneza paa vilevile. Maji yakifikia nyaya za umeme darini, huweza kuleta moto katika jengo lililolowa mvua.

Mara nyingi jengo la biashara lina mwenyewe na mpangaji, na kila mmoja hudhani kwamba paa ni kazi ya mwenzake. Yafaa mapatano ya kupanga yaandike waziwazi nani atakagua, lini, na nani atalipa. Mpangaji aonapo doa na ampe mwenye jengo habari kwa maandishi siku ile ile, wala asingoje siku ya kodi.

Shuleni jambo hili ni zito zaidi, maana chini ya paa hukaa watoto. Kamati ya shule ikitenga siku mbili kwa mwaka za kulitazama paa la kila darasa, itajua mapema ni darasa lipi lisilofaa kukaliwa siku ya dhoruba.

Daftari la paa

Ukaguzi usioandikwa husahauliwa. Daftari la kawaida latosha. Huandikwa tarehe, sehemu zilizotazamwa, kasoro iliyoonekana, kazi iliyofanywa, jina la fundi na malipo yake. Picha za simu zikipigwa kila mara kutoka mahali pale pale, huonyesha kama doa limekua au limesimama. Daftari hilo humfaa mwenye nyumba anapouza, anapodai bima, au anapotaka kujua kama fundi wa mwaka uliopita alifanya kazi ya kweli. Tena humwezesha kuweka akiba kidogo kidogo, maana aonaye kwamba bati limebakiza miaka michache hawezi kushtushwa siku litakapotakiwa kubadilishwa.

Mambo matano yafaa yashikwe katika somo hili. Paa hutazamwa Februari na Septemba, na baada ya kila dhoruba. Ukaguzi huanza ndani, kisha nje, kisha juu. Mifereji husafishwa kabla ya mvua. Kasoro ndogo hutengenezwa wiki ile ile ilipoonekana. Kila jambo huandikwa. Mwenye kuyafuata hayo atasikia mvua ikipiga mabati usiku wa manane, na watoto wake wataendelea kulala.